Kusitisha, Kuachana na Kufungashiwa Virago: Lugha ya Kumwondoa Kocha

Tulikuwa Tabora kukusanya maneno yaliyobaki ya njia ya misafara, mzee mmoja alipotujia na barua mkononi. Alikuwa mlinzi wa ghala. Barua yenyewe ilikuwa fupi na imepigwa chapa vizuri. Ilimjulisha kwamba ajira yake "imesitishwa" kuanzia tarehe iliyotajwa, ikamshukuru kwa mchango wake na kumtakia kila la heri. Mzee akatuuliza: "Wanangu, ninyi ndio watu wa lugha. Hapa nimesimamishwa au nimefukuzwa?" Yeye alikuwa amefahamu kwamba amesimamishwa kwa muda, akakaa nyumbani akingoja kuitwa. Alipofika kwetu, zile siku 30 ambazo kanuni humpa mfanyakazi ili apeleke malalamiko ya kuachishwa kazi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zilikuwa zimekwisha kupita. Tulipomuuliza karani aliyeiandika barua, hakuwa na hila. Alisema alilichagua neno hilo kwa kuwa ni la heshima, na ndilo alisikialo redioni kila kocha wa mpira anapoondolewa.

Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala hii. Kurasa hizi zimezoea kushughulikia istilahi za sayansi, za benki na za utawala, na huenda msomaji akashangaa kutuona uwanjani. Lakini matangazo ya michezo husikika na watu wengi kuliko sheria, na neno linalotangulia kufika masikioni ndilo linalotangulia kuingia katika barua za ofisi. Kwa hiyo inatupasa tuyapime maneno ya viongozi wa michezo kama tunavyoyapima ya wizara.

KISA CHENYEWE

Kisa kinachofaa kuwa mfano kinaigusa Tabora yenyewe. Tarehe 7 Novemba 2024, katika uwanja wa Azam Complex, Chamazi, timu iliyokuwa ikiitwa Tabora United iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1. Siku tano kabla ya hapo, Yanga ilikuwa imefungwa na Azam bao 1 kwa 0. Tarehe 15 Novemba klabu ikautangazia umma kwamba kocha wake mkuu, Miguel Gamondi wa Argentina, na msaidizi wake, Moussa Ndaw, hawapo tena kazini. Siku iyo hiyo akatajwa Sead Ramovic kuwa kocha mpya.

Aliyeondolewa hakuwa mtu asiye na alama. Ndiye aliyeiongoza Yanga kuifunga Simba mabao 5 kwa 1 tarehe 5 Novemba 2023, akatwaa ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho katika msimu wa 2023/24, na kuifikisha timu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ambako ilitolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti. Sisi hatumo katika ubishi wa kwamba uamuzi ule ulikuwa wa haki au la. Hilo ni la wanachama. Letu ni kutazama namna uamuzi wa aina hiyo unavyosemwa.

MANENO YA VIONGOZI

Taarifa za klabu zetu juu ya makocha walioondolewa zimekwisha kuwa na kanuni yake, hata aliyesoma moja ni kama amezisoma zote. Zina sehemu tatu: tangazo, shukrani na dua ya heri. Sehemu ya nne, yaani sababu, aghalabu haimo. Tangazo lenyewe husimama juu ya maneno matatu ambayo yafaa tuyachungue.

La kwanza ni "kusitisha". Asili yake ni kusita, yaani kutua kidogo katika jambo ambalo bado linaweza kuendelea. Husitishwa mapigano, na yaweza kuanza tena. Husitishwa huduma ya maji, na maji hurudi. Twajua kwamba neno hili limeingia katika nyaraka nyingi kwa maana ya kukomesha mkataba moja kwa moja, na hatuwezi kulifuta kwa kalamu. Hata hivyo, neno lililobeba kusimama kwa muda na kukoma kabisa kwa wakati mmoja halifai kumwambia mtu kama kesho aamkie kazini au la.

La pili ni "kuachana". Hapa lawama ni ya kisarufi. Kiambishi -an- hutaka watendaji wawili, kila mmoja akimtenda mwenziwe. Tukisema klabu imeachana na kocha, tumemfanya kocha kuwa mshiriki wa jambo alilotendewa. Mfano uko katika kiti kile kile: Ramovic aliyechukua nafasi ya Gamondi aliondoka Februari 2025 kwenda kufundisha Algeria. Mmoja aliondolewa, mwingine alikwenda zake. Na wote wawili neno "wameachana na klabu" lingewaenea bila ya msikilizaji kutambua tofauti. Neno lisilotenganisha aliyefukuzwa na aliyeondoka limeshindwa kazi yake ya kwanza.

La tatu ni "uongozi". Uongozi umeamua, uongozi unapenda kuutaarifu umma, uongozi unamshukuru. Kiongozi ni mtu. Uongozi hauna uso. Timu inaposhinda, viongozi huonekana kwa majina na kwa picha, nao wanastahili. Inapofika siku ya kumwondoa mtu, majina hujificha nyuma ya kiambishi u-.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja ambayo hatuipuuzi. Husema kwamba Kiswahili ni lugha ya stara, na kwamba si uungwana kumtangaza mtu kwa makosa yake siku anapoondoka. Ni kweli. Lakini stara ni vazi la kufunika aibu ya aliye dhaifu. Haikufumwa ili kumfunika mwenye mamlaka asijulikane ametenda nini. Inawezekana kabisa kumsitiri kocha kwa kutozitaja dosari zake, na wakati huo huo kusema wazi kwamba klabu ndiyo iliyoukatisha mkataba, na kwa sababu gani ya jumla.

MANENO YA MITAANI NA NJIA YA MISAFARA

Viongozi wanaposema kwa pazia, mitaa hulichana. Magazeti na mashabiki husema kocha "ametimuliwa", "kibarua chake kimeota nyasi", "amefungashiwa virago". Siku hizi husemwa pia kwamba amepewa "thenkyu", kwa sababu klabu zimezoea kuandika neno la shukrani kwa Kiingereza juu ya picha ya anayeondoka. Hapa pana jambo la kuzingatia: neno la shukrani limekuwa jina la kufukuzwa. Hayo ndiyo malipo ya lugha ya pazia. Wananchi hawakudanganyika, wameyageuza maneno ya adabu yawe kejeli, na sasa hata mwenye kushukuru kwa moyo safi hashukuriki.

Maneno mawili kati ya hayo yana historia inayotuhusu. Kibarua ni barua ndogo, cheti cha mtu wa kazi ya kutwa. Kocha mwenye mkataba wa miaka na mshahara mnono anapoambiwa kibarua chake kimeota nyasi, mitaa inatoa hukumu yake: kwamba mkataba ule, pamoja na mihuri yake yote, ni cheti cha kutwa.

Kirago nacho ni mkeka wa msafiri, wa kulalia kambini. Na kupiga kirago ni kupiga kambi. Neno hili limekanyaga vumbi la njia ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, pamoja na posho, mnyapara na hongo. Kila alfajiri mpagazi alifunga kirago chake mwenyewe, akajitwika mzigo wake, akaendelea. Ndiyo maana kufungashiwa virago ni tusi: mtu anafungiwa mzigo na mkono wa mwingine, na haambiwi njia yaelekea wapi.

Njia hiyo haikuwa ya upole, wala hatutaki kuipamba. Ilipitisha watumwa, na wapagazi wengi walikufa kandokando yake. Lakini katika jambo la nani anaongoza na nani amekosa, lugha yake ilikuwa na uwazi. Aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi, ndugu wa neno kiongozi, naye alishika bendera ili wote wamwone. Richard Burton aliingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 alieleza desturi moja ya misafara: mtu aliyethubutu kumpita kirangozi njiani alipaswa kutozwa faini, na mshale mmoja ulichomolewa podoni mwake ili mwisho wa mwendo ajulikane ni nani. Tuitazame desturi hiyo kwa jicho la lugha. Kosa lilikuwa na jina, mkosaji alikuwa na jina, na ushahidi ulishikwa mkononi.

Neno hongo latuonya zaidi. Zamani lilikuwa ushuru uliotozwa misafara na watawala wa nchi zilizopitwa. Ulijadiliwa mchana, mbele ya watu. Leo ni malipo ya gizani. Mambo yakifichwa, maneno yake nayo huharibika.

MFANO WA NG'AMBO

Yafaa tutazame pia nchi ambako kumwondoa kocha ni kazi ya ofisa maalumu. Vyuo vikuu vya Marekani vina mkurugenzi wa michezo, naye husimamia makocha wa michezo yote ya chuo. Tarehe 12 Novemba 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwondoa Jimbo Fisher, kocha wa mpira wa Kimarekani, ambaye mkataba wake ulikuwa unaendelea hadi 2031. Deni la kuukatisha lilizidi dola milioni 75. Mkurugenzi wa michezo, Ross Bjork, alijitokeza mwenyewe mbele ya waandishi wa habari. Alisema kwamba timu haikuwa imefikia uwezo wake wote, na chuo kikaeleza kwamba fedha za kumlipa kocha zingetoka katika idara ya michezo na mfuko wa wahisani wake.

Hatuwasifu kwa kumwaga fedha, wala hatusemi maneno ya Bjork yalikuwa mepesi kupimika. "Uwezo wote" ni pazia jingine, maana hakuna aujuaye mpaka wake. Lakini mambo matatu yalikuwapo: mtu aliyetenda alionekana, sababu ilitajwa japo kwa ulaini, na deni lilisemwa. Mfasiri wetu akipewa maneno hayo ayatie katika Kiswahili, je, atayapeleka kwenye kanuni yetu ya "uongozi umesitisha"? Akifanya hivyo atakuwa amepoteza vyote vitatu, na kosa halitakuwa la Kiswahili bali la mazoea.

MAPENDEKEZO

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika jambo hili. Kinachokosekana ni kuyapanga na kuyashika. Tunapendekeza kwa waandishi wa habari, wafasiri na maofisa utumishi mgawanyo huu:

Kusimamisha kazi: kumweka mtu kando kwa muda huku shauri lake likichunguzwa, bado ni mfanyakazi.

Mkataba kuisha: muda ulioandikwa umetimia, hakuna aliyeondolewa.

Kumaliza mkataba kwa makubaliano: litumike pale tu ambapo pande zote mbili zimetia sahihi.

Kukatisha mkataba: upande mmoja umeukomesha kabla ya muda wake. Lazima upande huo utajwe: klabu imeukatisha, au kocha ameukatisha.

Kuvunja mkataba: upande mmoja umeshindwa kutimiza masharti. Hili ni tuhuma. Lisitumike kama pambo.

Kuachisha kazi: kuikomesha ajira ya mfanyakazi kwa sababu halali na kwa utaratibu, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kufukuza kazi kuwe ni kuachishwa kwa ajili ya kosa la nidhamu.

Fidia ya kukatisha mkataba: fedha anazolipwa aliyekatishiwa kabla ya muda.

Kusitisha kubakie kwa yale yanayoweza kuendelea tena, kama vile mapigano, huduma na malipo. Na pale sheria au mkataba unapokuwa umekwisha kulitumia kwa maana ya kukomesha, mwandishi aongeze neno "kabisa" na tarehe ya mwisho wa kazi, ili msomaji asibaki njia panda.

Wako watakaosema kwamba tunawatwika watu wa mpira mzigo usio wao, na kwamba kocha mgeni hana shida ya kuelewa: ana wakili, ana wakala, ana nakala ya mkataba kwa lugha yake. Ni kweli kocha hadhuriki. Anayedhurika ni yule aliye mwisho wa msafara, ambaye neno linamfikia likiwa limechakaa, naye hana wakili wa kumfasiria.

Yule mzee wa Tabora tulimjibu kwamba, kwa jinsi barua ilivyoandikwa, lugha peke yake haiwezi kumwambia kama amesimamishwa au ameachishwa. Kwa kuwa Tume inaweza kumwongezea mtu muda akitoa sababu za msingi za kuchelewa, tulimwandikia karatasi moja ya maelezo juu ya maana mbili za neno "kusitisha", aiambatanishe na maombi yake. Aliisoma polepole mara mbili, akaikunja pamoja na ile barua, akatia zote mfukoni. Kisha akatuuliza kama tunaweza kumpa na nakala ya pili, akampelekee karani.