RFC na mistari ya herufi 72: zana nzuri iliyotuachia deni

Hebu fungua RFC 1591 kwenye simu yako. Ni waraka wa Machi 1994 alioandika Jon Postel, unaoeleza nani anakabidhiwa majina ya nchi kwenye intaneti, .tz yetu ikiwemo. Kama uko Mikese na huna kompyuta, simu ndiyo maktaba yako. Sasa tazama: ama herufi zinakuwa ndogo kama sisimizi, ama mistari inakatika ovyo katikati. Simu yako ni nzima kabisa. Tatizo ni jinsi waraka ulivyopangwa.

RFC ni nyaraka za viwango na taratibu za intaneti, na ya kwanza ilitoka Aprili 1969. Kwa miaka mingi zilipangwa kwa nroff, programu ya Joe Ossanna wa Bell Labs iliyotokana na RUNOFF ya Jerome Saltzer, MIT, 1964. Mwandishi anaandika maneno yake, na katikati anaweka amri kwenye mistari inayoanza na nukta: hapa aya mpya, hapa sogeza ndani. Programu inatoa kurasa. Masharti ya RFC yalikuwa makali: herufi 72 kwa mstari, mistari 58 kwa ukurasa, na ASCII peke yake.

Tuipe haki yake. Faili la 1994 linafunguka leo kwenye kifaa chochote, bila kununua programu yoyote. Je, ripoti yako ya miaka kumi iliyopita inafunguka vile vile ulivyoiacha?

Lakini kilichohifadhiwa kama nakala rasmi ni maandishi yaliyokwisha kukatwa mistari. Kompyuta haijui tena kipi kichwa cha habari, kipi jedwali. Michoro ni vistari na alama za kujumlisha. Na mtu mwenye é kwenye jina lake, basi, aliipoteza.

Mwaka 1999 Marshall Rose alitoa RFC 2629 na programu ya xml2rfc. Unaandika kwa XML: hii ni sehemu, huyu ni mwandishi, hii ni orodha. Sura ya ukurasa inaamuliwa baadaye. Wazo safi sana! Ila hapa ndipo ninapolaumu: nakala rasmi iliendelea kuwa ile ile ya herufi 72 mpaka 2019, ndipo XML ikawa rasmi na HTML inayojipanga kulingana na kioo ikaanza kutoka nayo. Dawa ilikuwepo miaka ishirini, msomaji akaendelea kuumwa.

Na bado haijakamilika. Kuandika XML kwa mkono kunachosha, ndiyo maana wengi sasa wanatumia Markdown kupitia kramdown-rfc ya Carsten Bormann, halafu inageuzwa kuwa XML. Nyaraka za zamani, RFC 1591 mojawapo, zimebaki na mistari yake.

Wewe unayeandika tasnifu pale SUA, au mwongozo wa wakulima wa Uluguru, deni kama hilo unaweza kulikwepa leo. Usitengeneze kichwa cha habari kwa kukoleza na kukuza herufi tu. Tumia mtindo wa kichwa uliomo kwenye programu yako. Na ukishatoa PDF, faili la asili usilifute. Atakayeisoma kazi yako 2045 huenda ana kioo ambacho hatujakiona.