Salamu Isiyojibiwa: Katuni za Mahandakini na Kicheko cha Mpagazi katika Vita vya Ruvuma

1. Utangulizi

Rongui ni kisiwa kidogo cha Visiwa vya Kirimba, kati ya Mocímboa da Praia na Palma, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado. Mwaka 1916, baada ya Ujerumani kutangaza vita dhidi ya Ureno tarehe 9 Machi, bahari hii ilikuwa njia ya meli zilizoleta wanajeshi wa Kireno. Mwezi Aprili waliitwaa Kionga. Septemba walivuka Ruvuma. Oktoba waliingia Newala, na kabla ya Novemba kuisha walikwisha kufukuzwa. Tarehe 25 Novemba 1917 Paul von Lettow-Vorbeck naye aliuvuka mto huo kuja kusini, akawashinda Wareno huko Ngomano.

Vita hivyo viliacha makaburi. Viliacha pia picha za kuchekesha. Makala haya yanazihakiki kwa swali moja: ni nani aliyepewa nafasi ya kuujibu mzaha? Hoja yetu ni kwamba mzaha wa vita ni mfano wa salamu: haujakamilika mpaka uitikiwe.

2. Kutoka handakini hadi porini

Mfano mashuhuri wa katuni za askari wa vita vile ni kazi za Bruce Bairnsfather, ofisa wa Kiingereza aliyepigana Ubelgiji. Kuanzia mwaka 1915 jarida la The Bystander la London lilichapisha michoro yake, ambayo baadaye ilikusanywa kwa jina la Fragments from France. Mhusika wake, Old Bill, ni askari wa makamo mwenye masharubu mazito, aliyezama matopeni na asiyetarajia makubwa kutoka kwa wakubwa. Wapo waliouona ucheshi huo kuwa wa kihuni. Askari waliupenda, na hatimaye jeshi lenyewe likampa Bairnsfather kazi ya kuchora. Nguvu ya katuni hizo ilitokana na ukweli kwamba mchoraji, mchorwa na msomaji wa kwanza walikuwa ndani ya handaki moja. Aliyechekwa ndiye aliyecheka, na kama picha ilidanganya, aliweza kuikanusha.

Afrika Mashariki ilipata mchoraji wake pia. A. W. Lloyd, mchoraji wa magazeti ya Afrika Kusini ambaye baadaye alilichorea jarida la Punch, aliitumikia kampeni hiyo na kuitolea kitabu cha katuni, 'Jambo', or With Jannie in the Jungle. Lakini vita vya huku havikukaa sana mahandakini, vilitembea. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, na mzigo ukahamia kichwani mwa binadamu. Makadirio ya vifo vya wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao yanazidi 90,000, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Kwa hiyo, huku hapakuwa na handaki moja lililowakusanya wote. Alikuwapo aliyebeba bunduki, na alikuwapo aliyembebea chakula.

Jina la kitabu lenyewe linastahili kuhakikiwa. "Jannie" ni Jenerali Jan Smuts. Hapo askari anamtania mkubwa wake, na huo ni ucheshi halali wa mtu wa chini. Neno la Kiingereza linalomaanisha msitu mzito linafuta mashamba, vijiji na bandari. Neno zito zaidi ni "Jambo". Kiswahili husema hujambo, nacho huitika sijambo. Nafsi ya anayeulizwa na ya anayejibu zimo ndani ya neno. "Jambo" lililo tupu halina nafsi. Hatudai kwamba Lloyd alikusudia dharau. Tunachodai ni kwamba jina hilo linamruhusu mgeni kusalimu bila kungoja jibu.

3. Jibu lilikuwa wapi?

Jibu lilikuwapo, ila halikuandikwa karatasini. Jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, liligeuzwa na midomo ya watu likawa Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. Ngoma ya beni, iliyosambazwa pia na askari na wapagazi, iliigiza vyeo, sare na gwaride mbele ya umma. Katika nyanda za juu za Cabo Delgado, mapiko ya Wamakonde yamewahi kuwaiga watawala wa Kireno kwa barakoa za mti. Hizo nazo ni katuni, na watazamaji wake wapo papo hapo. Huweza kuzijibu kwa kicheko au kwa kimya.

Kosa letu watafiti ni la uainishaji. Kitabu cha Lloyd tumekiweka katika historia ya vita. Beni na mapiko tumeyaweka katika utamaduni. Matokeo yake, mpagazi huonekana ametoa jasho tu, hakutoa fikra.

4. Hitimisho

Suala hili lina uharaka wake. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017, na yale ya Palma ya Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado wamelazimika kuhama. Kicheko kilichochapwa kinahifadhiwa maktabani ng'ambo. Kicheko cha ngoma huhifadhiwa na mchezaji na wenzake, na hao wametawanyika.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, ngoma, majina ya utani na mizaha ya vita, vya zamani na vya sasa, virekodiwe kama hati za historia katika Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili, kwa ridhaa na usalama wa wasimulizi. Pili, katuni za elimu kwa umma zinazotayarishwa kwa ajili ya waliohama zionyeshwe kwanza kwa wale waliochorwa, na maoni yao yawe na uwezo wa kuibadili picha kabla haijachapwa.