Machafuko hayana mchafuaji

Mtu wa Kapseret au Langas akitaka kukueleza jambo lilitokea lini, atasema, “Hiyo ilikuwa wakati wa vita,” au “kabla ya klashi.” Hasemi “ghasia za baada ya uchaguzi.” Hilo ni jina la redio, la magazeti na la ripoti za serikali. Lakini wote wanazungumzia kipindi kimoja, mwisho wa Desemba 2007 hadi Februari 2008, ambacho Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133.

Tuyatazame majina haya kisarufi, maana viambishi vya Kiswahili havikai bure. “Machafuko” yanatokana na “chafuka”, si “chafua”. Ile -k- humfuta mtenda: mambo yalichafuka yenyewe, kama bahari. “Mapigano” yana -an- ya kutendana: huyu alimpiga yule, yule akampiga huyu, ngoma droo. “Klashi” nayo ina kasoro iyo hiyo ya kugawa lawama sawa kwa sawa. “Ghasia” ndiyo kabisa! Hata foleni ya benki ina ghasia.

Sasa peleka maneno hayo Kiambaa, nje ya mji wa Eldoret, Januari 1, 2008. Watu waliokimbilia kanisani, wengi wao akina mama na watoto, hawakuwa wakipigana na yeyote. Ukisema kanisa “liliteketea”, umemaliza habari. Ukisema “lilichomwa”, msomaji ana haki ya kuuliza: na nani? Na “mauaji”, kwa kuwa yametoka kwa “ua”, yanadai muuaji na aliyeuawa. Yanafaa pia kwa waliovamiwa Naivasha kwa kulipiza kisasi, na kwa waliopigwa risasi na polisi, ambao “ghasia” imewameza kimyakimya.

Nakubali kwamba mhariri wa 2008 alikuwa na sababu. Kutaja kabila hewani leo kungeweza kuua mtu kesho. Ila tahadhari ya wiki chache imegeuka istilahi ya vitabu vya shule.

Wala si ugonjwa wetu peke yetu. Waingereza waliita miaka ya 1952 hadi 1960 “Hali ya Hatari”, nasi tukapokea tafsiri bila kuuliza hatari ilikuwa kwa nani. Rwanda ilikataa ulegevu huo. Jina rasmi la mwaka 1994 linataja waliolengwa: mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. “Kimbari” lenyewe lina mushkili, kwani mbari ni ukoo, ilhali Mkataba wa 1948 unahusu pia taifa na dini. Hata hivyo ni bora kuliko “halaiki”, inayohesabu maiti tu bila kugusa nia.

Sisemi ya Eldoret yaitwe ya kimbari. Mashtaka ya The Hague yenyewe yalikuwa ya uhalifu dhidi ya binadamu. Nasema yaitwe mauaji.

Ajabu ni kwamba wachochezi hawakuwahi kukosa neno mahususi. Waliwaita majirani “madoadoa”, na kila mtu alijua doa hufanywa nini. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilibidi iliweke neno hilo, pamoja na “kwekwe”, katika orodha ya lugha ya uchochezi.