Ufundi wa Kushauri

Ukitaja kamati ya ushauri ya serikali, watu wanawaza chai ya saa nne na posho ya kikao. Sitabisha sana. Lakini kushauri mpaka ushauri uwe sheria ni kazi ya fundi, na katika mambo ya maktaba fundi ninayemvulia kofia ni Sidney Hockey, mkutubi aliyezishauri serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika katika ripoti yake ya mwaka 1960.

Vitabu vilikuwepo, ila vilikuwa na wenyewe. Maktaba ya McMillan pale Nairobi, iliyofunguliwa 1931, hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu tu. Kijijini, mwenye bahati alifikiwa na sanduku la vitabu la East African Literature Bureau.

Rahisi ingekuwa kuleta mtindo wa Uingereza, ambako maktaba ziko chini ya serikali za mitaa. Hockey alikuwa ametumikia maktaba za visiwa vya Karibiani ya Mashariki, na huko wakutubi walikuwa wachache, si wa kutapanya. Akapendekeza kila nchi iwe na bodi moja iliyoundwa kwa sheria, ikiendeshwa kwa fedha za serikali kuu.

Hapo ndipo pananifurahisha. Pendekezo bovu husema "huduma za maktaba ziimarishwe", kisha hulala kwenye faili. Pendekezo lililosukwa vizuri linataja nani atafanya kazi, kwa fedha ya nani, na atawajibika kwa nani. Bodi si idara ya wizara: huajiri watu wake, humiliki mali, hupokea ruzuku na misaada kwa jina lake. Mwandishi wa sheria akikabidhiwa hilo, nusu ya kazi imekwisha. Tanganyika ilitunga sheria yake 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Serikali changa zenye kila sababu ya kutupa makaratasi ya mkoloni, hili zililichukua.

Sheria ya Tanzania ya 1975, iliyokuja baada ya ile ya kwanza, nayo isomwe taratibu. Pamoja na kuendesha maktaba, inaipa Bodi kazi ya kusimamia mafunzo ya wakutubi, kusukuma kampeni za kisomo na kukuza uandishi wa wazawa. Hili la mwisho wengine wataliona pambo. Mimi naona hapo kuna mtu aliyefikiri: ukishamfundisha mtu mzima kusoma, kesho atataka kitu cha kusoma, na hicho lazima kiandikwe na mtu. Kisha kuna wajibu wa mchapishaji kuwasilisha nakala za anachochapa. Kijitabu chembamba cha ufugaji wa kuku kinafika Maktaba Kuu, kinagongwa muhuri, kinapewa namba, kinaingia katika orodha ya machapisho ya taifa, sawa na riwaya ya mwandishi maarufu.

Kasoro ipo, na ni ya mfumo wenyewe: Hazina ikichelewa, matawi yote yanalala njaa pamoja. Lakini mfumo huo huo una faida yake: Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967, haikujengwa iwe ya jiji peke yake. Vitabu vya mikoani vilinunuliwa na kuorodheshwa hapo kwa ajili ya nchi nzima, kisha vikasafirishwa, na mkutubi wa tawi akivipokea alikuwa na kazi moja tu, kuvipanga kwenye rafu.