Miti 17 ya Dostoevsky

Darasani, fasihi ya gerezani huwa tunaianza na Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, na hapo ndipo tulipozoea kutafuta sauti ya mfungwa anayepinga. Kwa kipimo hicho, barua ambazo Fyodor Dostoevsky alimwandikia kaka yake Mikhail mwaka 1849, akiwa mahabusu katika Ngome ya Petro na Paulo huko St Petersburg, zitaonekana dhaifu. Nadhani kipimo ndicho kisichotosha.

Katika barua ya Agosti anaeleza kwamba ameruhusiwa kutembea bustanini, penye miti karibu 17, na kwamba jioni hupewa mshumaa. Kabla ya hapo, katika barua ya Julai, anataja mipango: amekwisha kubuni hadithi tatu na riwaya mbili. Msomaji mwenye haraka atasema ni habari ndogo ndogo. Lakini nani huhesabu miti, isipokuwa mtu aliyenyimwa mambo mengine yote ya kuhesabu?

Aidha, tumtazame mpokeaji. Mikhail naye alikamatwa katika kesi hiyo hiyo, akaachiwa wiki chache tu kabla ya barua ya Julai. Anajua ndani kukoje, hivyo hadanganyiki kwa maneno ya kumpoza. Wakati huo huo, wakuu wanaisoma barua kabla yake. Mbele ya wasomaji hao wawili, kweli iliyoweza kupita ilikuwa ndogo kama mti na mshumaa.

Barua hiyo hiyo ya Agosti inaonyesha gharama ya utulivu huo. Hapo anakiri kwamba usiku huhisi sakafu ikiyumba chini yake, kana kwamba yumo chomboni baharini.

Na ile mipango? Tarehe 22 Desemba alisomewa hukumu ya kifo uwanjani, kisha akaambiwa imebadilishwa kuwa kazi ngumu Siberia. Siku hiyo hiyo alimwandikia tena Mikhail, akihofu kwamba huenda hatashika kalamu tena. Hadithi aliyoiandika ngomeni, Shujaa Mdogo, ilichapishwa mwaka 1857 bila jina lake.

Hivyo basi, tusiipime mipango ya mfungwa kwa kuhesabu iliyotimia. Mikhail alipoisoma orodha ile mwezi Julai, alichopata kwanza ni habari kwamba mdogo wake bado anafikiri kama mwandishi. Huko nako ni kupinga, ingawa hakuna neno hata moja la kupinga lililoandikwa.