Pedi ya waya au isiyo na waya: pa kukagua kabla hujalipa

Anayeuliza kati ya pedi ya waya na isiyo na waya mara nyingi anataka kujua ipi ina kasi. Swali hilo halina uzito anaoudhania. Gemu inayokwenda kwa picha 60 kwa sekunde hubadili picha kila baada ya milisekunde 17 hivi, na pedi nzuri isiyo na waya, ikishika mawimbi sawasawa, huchelewa kwa kiasi ambacho wengi wetu hatukihisi tukicheza mpira au mbio za magari. Mpenzi wa gemu za kupigana ana haki ya kung'ang'ania waya. Sisi wengine tuangalie pedi itaharibikia wapi.

Anza na analogi, maana huchakaa vilevile kwenye pedi za aina zote mbili. Pedi nyingi, zikiwemo DualShock 4 na DualSense za Sony, zina kipande kidogo kinachosugua juu ya utepe wa kaboni kila unaposukuma analogi. Utepe ukilika, mchezaji wako anatembea mwenyewe hali hujagusa kitu. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, fungua sehemu ya majaribio, uitazame alama ya kujumlisha. Sukuma analogi hadi mwisho kisha iachie ghafla: alama inatakiwa irudi katikati na kutulia papo hapo. Jaribu pande zote nne, kwa sababu kuna analogi inayorudi vizuri ikitoka kulia lakini ikitoka juu inabaki imeinama kidogo. GuliKit na 8BitDo wana pedi zenye analogi za sumaku, zisizo na utepe wa kulika. Kwangu mimi sifa hiyo inazidi taa zote za rangi.

Kwenye pedi ya waya, kagua shingo, pale waya unapoingia kwenye mwili wa pedi. Ndipo nyuzi za ndani hukatikia. Ukiwa unacheza, ukunje waya hapo kwa kidole. Kompyuta ikilia mlio wa kifaa kuchomolewa, irudishe pedi mezani. Ndiyo maana napenda waya unaochomoka: ukifa unanunua mwingine, humtafuti fundi wa kuchomea. Ila kuna mtego. Nyaya nyingi za bei rahisi hupitisha umeme tu, hazipitishi data. Pedi itachaji, taa itawaka, na kompyuta haitaiona kabisa. Usimgombeze muuzaji kabla hujajaribu waya mwingine.

Isiyo na waya ina mambo zaidi. Pedi za kwanza za Xbox One, za mwaka 2013, hazina Bluetooth, na bado zinauzwa mitumba. Tazama plastiki inayozunguka kitufe cha Xbox: ikiwa imeungana na uso wa pedi, Bluetooth ipo, ikiwa ni kipande cha pembeni kinachoendelea hadi kwenye vitufe vya juu, haipo. Hata yenye Bluetooth, tundu lake la hedifoni halitoi sauti kwa njia hiyo kwenye kompyuta. DualSense nayo, katika gemu nyingi za kompyuta, hukaza triga na kutoa mitetemo yake maalumu ikiwa imechomekwa waya tu.

Pedi zinazokuja na kipokezi chao cha USB kwa kawaida hutulia kuliko za Bluetooth, lakini usikichomeke kipokezi jirani na diski ya nje ya USB 3.0. Intel walieleza mwaka 2012 kwamba USB ya aina hiyo hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya kipokezi. Wengi wametupa pedi nzima kwa kosa la diski. Kisogeze kwa waya mfupi wa kurefushia.

Betri ndiyo inayotenganisha mitumba mizuri na mibovu. Pedi za Xbox nyingi hutumia betri mbili za AA, zinazopatikana duka lolote. Za Sony zina betri ya ndani inayozeeka kimyakimya, na muuzaji mjanja atakuonyesha pedi ikiwa kwenye chaji muda wote. Mwambie achomoe waya, kisha cheza mechi nzima hapo hapo dukani.