Sifa za Kidimbwi cha Uani

Miongoni mwa sanaa ambazo mtu aweza kuzitenda kwa mikono yake mwenyewe, nyuma ya nyumba yake, pasipo kuajiri mhandisi wala kutaka idhini ya yeyote ila ya mwenzi wake wa ndoa, sijui iliyopunjwa sifa kuliko ya kutengeneza kidimbwi. Na miongoni mwa mahali pa kuifanyia, sijui pagumu kuliko Nakuru.

Mji huu umekaa juu ya majivu. Menengai na milima mingine ya moto ilitapika zamani jivu na mawe mepesi yenye vinyweleo, na udongo uliotokana navyo, ijapokuwa huzaa mahindi na viazi kwa ukarimu, hauaminiki kuwekewa amana ya maji: ukiumwagia ndoo jioni, asubuhi hukuti hata unyevu. Fauka ya hayo, ardhi ya Bonde la Ufa ina tabia ya kufunguka baada ya mvua kubwa, kama ilivyofunguka upande wa Suswa mwaka 2018 ikaikata barabara iendayo Narok. Hapa mtu achimbapo shimo hajapata kidimbwi, amepata shimo.

Kuchimba, basi, si ustadi. Sururu, sepeto na mgongo mzima vyatosha. Ustadi umo katika mambo mawili ambayo mgeni aliyekuja kutazama mayungiyungi hatayaona kamwe. La kwanza ni usawa wa ukingo. Maji hayana upendeleo wala hayabembelezeki. Ukingo ukishuka upande mmoja kwa unene wa vidole viwili, yatahamia huko, na upande wa pili utabaki wazi juani hata mwenyewe aone haya. Kwa hiyo huchukuliwa mpira mwembamba upitishao nuru, ukajazwa maji, baba akashika ncha hii na mwana ncha ile, wakauzunguka ukingo wote wakipigilia vijiti pale maji ya ncha mbili yanapolingana. Chombo hiki cha bei rahisi hakikosei, maadamu hakina kiputo cha hewa ndani yake.

Jambo la pili ni tandiko. Karatasi nzito ya plastiki, ile ambayo wakulima wa bondeni huitandika mabwawani mwao, huzuia maji vema, lakini adui yake amelala chini yake. Upande wa Gilgil na Naivasha udongo una vipande vya jiwe jeusi la kioo, kali kama wembe, jiwe lile lile ambalo watu wa kale wa Kariandusi walichongea mashoka yao. Kipande kimoja kilichosahauliwa chatosha kubatilisha kazi yote. Ndiyo maana fundi mwenye subira hupapasa shimo zima kwa viganja vyake, akamwaga mchanga uliochekechwa, akatandaza magunia makuukuu juu ya mchanga, kisha ndipo plastiki.

Nasisitiza pia kwamba kidimbwi kichimbwe kwenda chini, kisiinuliwe kwa kuta za udongo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, ukingo wa bwawa ulipasuka, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Kidimbwi cha uani ni kidogo, lakini udongo ni ule ule.

Wako wanaokichukia kwa hofu ya mbu. Watu wa pwani walikwisha kuitatua hoja hiyo: katika majumba ya mawe ya Lamu, bakuli la kaure lilipachikwa kwenye sakafu ya birika, ili maji yakitolewa, samaki wadogo walao viluwiluwi vya mbu wapate mahali pa kuponea. Ziwa Nakuru lilitendewa hikima hiyo hiyo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, walipoletwa perege wadogo wa Ziwa Magadi ili wawapunguze mbu; wakazaana, na mwari wakaja kwa wingi kuwala. Atakayetia perege kidimbwini mwake asishangae, basi, mdiria akijialika.

Wewe mwenye kiwanja, usingoje masika. Chimba Januari, udongo ukiwa mkavu, tandika Februari, uelekeze mlizamu wa bati lako shimoni kabla ya mvua za Machi. Na kama nyumbani mna watoto, uzio utangulie maji.